Barua za Wanafunzi na Mizani ya Korosho

Kila mwaka, vyuo vyetu vya biashara vifungapo mihula katikati ya mwaka, vijana wengi hutoka na barua mkononi kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wengi hawaendi mbali. Huzunguka maofisini mwa Dar es Salaam, ghorofa kwa ghorofa, na aliyebahatika kupokewa mara nyingi hupewa kazi ya kutoa nakala za barua na kupanga majalada. Baada ya majuma kadhaa kitabu chake cha kumbukumbu hutiwa sahihi, naye hurudi darasani. Twauliza: kijana huyo amejifunza biashara, au amejifunza njia ya kwenda kwenye mashine ya nakala?

Wakati huo huo, katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, iko biashara kubwa inayoendeshwa na wakulima wenyewe. Vyama vya msingi vya ushirika vya wilaya hizo mbili, pamoja na wenzao wa Liwale, vimeungana katika Chama Kikuu cha RUNALI. Hupokea korosho, ufuta na mbaazi, hupima, hupeleka ghala kuu, na kuuza mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianza mwaka 2007. Siku hizi minada hupitia mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, na fedha za mkulima hupitia benki.

Na tulifuate gunia moja. Mkulima hulileta kwenye chama chake, hupimwa, hupewa stakabadhi yake. Korosho huchambuliwa kwa madaraja, hupakiwa kwenye lori, na zikifika ghala kuu hupimwa tena. Hapo ndipo maneno huanza. Kilo zilizotoka kijijini si lazima ziwe sawa na zilizofika. Nyingine ni unyaufu wa kweli, kwa maana korosho hukauka. Nyingine ni mizani mbovu. Na nyingine, tuseme bila kuficha, ni mkono wa mtu. Kisha bei ya mnada hukatwa ushuru wa halmashauri, tozo za chama, gharama za ghala na za usafiri, na kinachobaki ndicho ada ya mtoto wa mkulima. Mwanafunzi wa uhasibu atakayekaa na daftari tatu, ya kijiji, ya lori na ya ghala, akazilinganisha mpaka akajua kilo iliyopotea ilipotea wapi, huyo amesoma. Hapana ofisi ya ghorofani itakayomfundisha jambo hilo.

Nachingwea ina haki ya kusema juu ya mambo haya. Ni hapo ambapo, kuanzia mwaka 1947, Serikali ya Waingereza ilileta mpango wake mkubwa wa karanga, uliogusa pia Kongwa na Urambo. Hesabu zake zilipendeza sana katika karatasi za London. Mwaka 1951 mpango uliachwa, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimekwisha teketea, kwa kuwa waliopiga hesabu hawakuujua udongo wala mvua. Mtaalamu wa biashara asiyewahi kusimama penye mizani ni ndugu wa wale mabwana.

Wala wazo la kumtoa msomi darasani si geni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana amalizapo sekondari afanye kazi kwanza, ndipo aende Chuo Kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na baadhi ya sababu za kuuacha zilikuwa za haki. Lakini swali lililouleta lingalipo.

Iko kasoro moja ambayo vyuo havina budi kuitazama, nayo ni kalenda. Mwanafunzi hutumwa Julai mpaka Septemba. Minada ya korosho huanza Oktoba. Akifika Nachingwea kipindi hicho atakuta ufuta unauzwa au unamalizikia, mbaazi zinaingia, na salfa ya mikorosho imekwisha gawiwa au inagawiwa. Hiyo nayo ni kazi, na ugawaji wa pembejeo ni hesabu inayohitaji macho makali. Lakini moyo wa biashara ya Kusini ataukosa. Twaona Taasisi ya Uhasibu, yenye kampasi Mtwara, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichotokana na chuo cha mwaka 1963, wangeweza kuwapa baadhi ya wanafunzi nafasi ya kwenda Oktoba mpaka Desemba. Asiyepata nafasi hiyo na achague ufuta, asichague kiyoyozi.

Wengine watasema kijana wa Ruangwa mwenyewe atapenda zaidi kwenda kwenye madini ya kinywe, maadamu yapo wilayani kwake. Na aende. Lakini aombe idara ya manunuzi. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinataka wenyeji wauze bidhaa na huduma kwa migodi. Mwanafunzi atakayejua kwa nini mkulima wa mboga wa Ruangwa anashindwa kupata zabuni, au anacheleweshewa malipo, atarudi na elimu itakayomfaa yeye na wilaya.

Sasa twafika penye ugumu. Maksi za mwanafunzi hutolewa kwa sehemu na yule anayemsimamia kazini. Je, akiona tofauti katika daftari, na tofauti hiyo ni ya msimamizi wake, afanye nini? Kumwambia kijana wa miaka 21 awe shujaa peke yake ni kumwonea. Mwalimu wa chuo ni lazima afike kijijini mwenyewe, asisimamie kwa simu, na Ofisa Ushirika wa wilaya amjue kila mwanafunzi kwa jina. Kadhalika asikabidhiwe fedha wala ufunguo wa ghala. Likitokea pengo, mgeni ndiye atakayebebeshwa.

Tena kuna chakula na malazi. Si kila mwanafunzi anapata mkopo, na mtoto wa maskini huchagua mahali pa mafunzo kwa kutazama nyumba ya mjomba ilipo. Chumba kimoja na posho ya chakula kwa majuma manane si mzigo kwa chama kilichouza tani nyingi. Jambo hilo liletwe mbele ya wanachama, katika mkutano mkuu, lipigiwe kura. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kilo, malipo yalisubiri uhakiki wa wakulima ili walanguzi wa kangomba watengwe. Wanachama wanaokumbuka miezi ile ya kungoja wanajua thamani ya daftari safi, na hatudhani watagoma kulipia chumba.