Giza la Ubalozi ni Giza Letu

Wako ndugu wanaodhani kwamba habari ya umeme kukatika katika balozi za kigeni ni shauri la wageni wenyewe. Husema: wale wana fedha, wana jenereta, basi wajitazame. Sisi twakataa maneno hayo, na twataka kila mwanachama ajue kwa nini twayakataa.

Kwanza, ni ahadi. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1961 yasema katika Ibara ya 22 kwamba nyumba ya ubalozi haiingiliwi, na kwamba nchi mwenyeji ina wajibu wa pekee wa kuchukua kila hatua ifaayo kuilinda isivamiwe wala kuharibiwa. Haikuandikwa popote kwamba wajibu huo hulala saa umeme unapolala.

Pili, gharama ya ulinzi kushindwa twaijua kwa damu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja. Waliobaki ni akina nani? Ni walinzi, makarani, wapita njia, na abiria wa basi. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji ndiye aliyezikwa.

Hatusemi kwamba umeme ndio ulioleta maafa yale; mabomu yalikuja mchana kweupe. Lakini liko fundisho. Nairobi, walinzi walikataa kufungua kizuizi. Walipotaka kutoa habari ndani, njia ya redio ilikuwa imeshikwa na simu ilikuwa inatumika. Mlinzi hodari asiye na chombo cha kupeleka habari ni mtu aliyeachwa peke yake mbele ya adui.

Sasa fikirini usiku. Taa za ukutani, kamera, lango, redio na simu, vyote vyategemea umeme. Ukikatika, jenereta haishiki papo hapo. Katikati hapo ni betri ndizo zinazobeba mzigo. Betri zikiwa zimechoka, kila kitu kimelala. Na jenereta isiyojaribiwa ni chuma kitupu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaonja giza hilo, kwa kuwa jenereta ya akiba ya baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka. Waziri alisimama akaomba radhi. Ikiwa lango kuu la nchi laweza kupatwa, sembuse nyumba ya ubalozi mdogo wa nchi maskini kama yetu, iliyopanga katika mtaa wa kawaida?

Na jenereta yenyewe ina hatari yake. Benghazi, nchini Libya, tarehe 11 Septemba 2012, wavamizi walioingia katika nyumba za ujumbe wa Marekani walikuta madebe ya mafuta yamewekwa karibu na jenereta mpya ambazo hazijafungwa. Wakayachukua mafuta yale, wakatia moto. Balozi Chris Stevens na ofisa Sean Smith walikufa kwa moshi. Kilichowekwa ili kuondoa giza kikawa silaha mkononi mwa adui.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa watu wanaopenda uhuru wao: mwenyeji asipokuwa na taa, mgeni huja na taa yake, na nyuma ya taa huja askari wake. Tazameni Baghdad. Ubalozi wa Marekani uliofunguliwa mwaka 2009 una ekari zipatazo 104, na mtambo wake wenyewe wa umeme. Ni mji ndani ya mji. Nje ya kuta zake wananchi wa Baghdad walihesabu saa za umeme kwa siku. Nchi haipati heshima kwa hali hiyo.

Watatokea wa kusema: basi wapewe mabalozi laini yao maalumu, mambo yaishe. La hasha! Mtaa wa mabalozi uking'aa na mtaa wa wafanyakazi ukiwa giza, adui atajiandaa pale penye giza, na chuki itajiandaa pamoja naye. Ulinzi wa mgeni na wa mwananchi ni ulinzi mmoja.

Wala kuzalisha umeme peke yake hakutoshi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme Februari 2024, lilijengwa kwa megawati 2,115. Twajivunia. Lakini umeme wa Rufiji haufiki mjini kwa fahari. Hufika kwa nyaya, nguzo na transfoma. Nguzo ikiwa imeoza, bwawa zima halitawasha taa moja.

Kwa hiyo twadai haya. Fedha za matengenezo ya nyaya na vituo zisiliwe na sherehe za uzinduzi. Jenereta za akiba zijaribiwe kila wiki zikiwa zimebeba mzigo, na mafuta yake yawekwe mbali na yalindwe. Kila mlinzi awe na redio iliyochajiwa na njia ya pili ya kutoa habari.

Nasi wanachama tuna kazi. Anayeiba mafuta ya transfoma au nyaya si mjanja, ni mhujumu. Anazima taa ya hospitali, ya kituo cha polisi na ya ubalozi kwa mkono mmoja. Kila tawi limjue, limtaje, limfikishe mbele ya sheria. Tusingoje bomu jingine litukumbushe kwamba ukuta wa ubalozi umepakana na mlango wetu.