Moshi wa gunia la CAN

Mahindi yakifika magotini, mkulima wa Iguhu, Kakamega, huanza kuwaza mbolea ya kukuzia, na mara nyingi anayoiwaza ni CAN. Habari yake kubwa ni bei. Septemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa gunia la mbolea la kilo 50, lililokuwa likiuzwa karibu shilingi 6,500, lingepatikana kwa 3,500. Mwaka uliofuata likashushwa hadi 2,500. Kashfa ya mbolea bandia ya 2024 ikaongeza swali la ubora. Moshi uliofuka kiwandani CAN yenyewe ikitengenezwa haujapata wa kuuzungumzia.

Sababu iko wazi: CAN hiyo hutoka ng'ambo. Ken-Ren, kiwanda cha mbolea kilichokusudiwa Mombasa miaka ya 1970, kilikufa bila kutoa hata gunia moja, kikamwachia mlipa kodi deni la miongo. Wanaovuta moshi ni wengine.

CAN ni naitreti ya amoniamu iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Kuipata, amonia huchomwa pamoja na hewa kwenye wavu wa platini na rodiamu, katika joto linalokaribia nyuzi 900. Gesi inayotokea hunyonywa na maji ikawa asidi ya naitriki, kisha asidi hiyo hukutanishwa na amonia nyingine. Lakini si gesi yote inayonaswa. Inayoponyoka hutokea kwenye bomba, na ikizidi huonekana kama moshi wa rangi ya kahawia; hudhuru mapafu na kuchangia mvua ya asidi. Huandamana na oksidi ya naitrasi, isiyoonekana kabisa, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kilo ya kabonidioksidi.

Dawa ipo, wala si ngeni. Moshi ukitiwa amonia kidogo na kupitishwa kwenye kichocheo, gesi hiyo ya kahawia hugeuka naitrojeni na mvuke wa maji. Oksidi ya naitrasi nayo ina mtambo wake: kiwanda cha mbolea cha Abu Qir, huko Misri, kiliufunga mwaka 2006. Kwa hiyo hoja kwamba Afrika haina uwezo haina miguu.

Hoja nzito ni ya shilingi: gharama ya usafi isije ikamwangukia mwenye shamba la nusu ekari. Hofu hiyo ni ya haki. Ila kufunga mtambo wakati kiwanda kinajengwa ni nafuu kuliko kuja kukibomoa baadaye, na Kenya ingali na nafasi hiyo. Novemba 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, ilitangaza na kampuni ya Australia, Fortescue, mpango wa kutengeneza amonia na mbolea kwa umeme safi. Hapo ndipo watu hudanganyika kwamba mbolea hiyo haitakuwa na moshi. Amonia iliyozaliwa kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ikichomwa kupata asidi ya naitriki, hutoa oksidi zilezile za naitrojeni.

NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, basi, iandike kiwango cha moshi wa bomba ndani ya leseni kabla jiwe la msingi halijawekwa. Na kwa kuwa serikali yenyewe ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbolea ya ruzuku, zabuni zake zinaweza kumdai muuzaji vipimo vya moshi wa kiwanda chake, kama zinavyomdai asilimia ya naitrojeni. Ulaya imeshaijumuisha mbolea inayoingia kwake katika ushuru wake wa kaboni. Kiwanda kichafu kitakachokosa soko huko kitatafuta bandari isiyouliza maswali, na Mombasa iko njiani.