Mustang Kuukuu na Chumvi ya Kikambala

Huenda umesikia kuna Mustang inauzwa Kikambala kwa bei nafuu, nawe umeanza kuhesabu akiba. Ngoja kidogo. Gari hili la Kimarekani lilianza kutoka kiwandani na usukani wa kulia kwa toleo la mwaka 2015. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lile kuukuu utakalolikuta Pwani yaelekea limeshakaa nchini miaka kadhaa, likivuta upepo wa bahari.

Chumvi hula mabomba ya breki, bomba la moshi na viungo vya nyaya. Ukiliosha kwa maji ya kisima cha chumvi, unalisha kutu. Tumbo lake li chini, na njia za mawe ziendazo ufuoni hulikwaruza. Injini ya V8 ya lita 5.0 hunywa petroli bila huruma, na vipuri vingi huagizwa ng'ambo.

Basi nenda na fundi wako alikague chini kabla hujalipa. Ikiwa bei itamaliza akiba yote, karo ya watoto ikiwamo, liache hapo lilipo. Rahisi huvunja upishi.