Mzigo Usiofungwa Haumngoji Shofere



Kazini hakuna anayekubali kupita chini ya mashine ya kunyanyua bila kofia ngumu. Lakini mtu yuleyule, siku ya konji, anapanda juu ya magunia ya samaki huko Bukama, mita tatu juu ya njia, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika mtoto. Mimi sioni tofauti ya hatari hizo mbili, isipokuwa ya pili hakuna kapita wa kuikataza.

Safari ile tunaijua. Samaki wa Kinkondja, wa ziwa Kisale, wanapanda mto Lualaba kwa mashua mpaka Bukama, mahali reli ilipofika mwaka 1918. Toka pale wengi wanaendelea kwa kamyo mpaka miji yetu ya migodi. Samaki mkavu ni mwepesi, na ndiyo shida yenyewe: kamyo haijalemewa, basi watu wanazidi kupandisha magunia juu, juu. Uzito ukiwa juu, kona ndogo tu au shimo moja la mvua linatosha kuiangusha gari ubavu. Tena magunia ya samaki, kama ya makala, yanashindiliwa njiani. Kamba iliyokazwa vizuri asubuhi inakuwa legevu baada ya kilomita 20 au 30, na shofere hajui kwa sababu hajasimama kuishika.

Wengine wanasema: «Mzigo wangu ni mzito, hausogei.» Si kweli. Freni inasimamisha magurudumu. Mzigo wenyewe unataka kuendelea na mwendo wake, na ukiwa mzito unasukuma zaidi. Kanuni za Ulaya zinaomba vifungo viweze kuzuia, upande wa mbele, nguvu ya 8 kwa 10 ya uzito wa mzigo, na nusu ya uzito huo pembeni na nyuma. Kwa tani 10, mbele ni kama tani 8. Kamba ya zamani iliyooza kwa jua itazuia nini? Mwendo ukizidi mara 2, nguvu ya kugonga inazidi mara 4.

Wenzetu wa shaba wanayajua haya zaidi. Fungu moja la sahani za shaba lina tani 2 hivi, na chuma juu ya chuma huteleza, hasa penye mvua au mafuta. Weka mbao au mpira chini yake, lisukume mpaka ukuta wa mbele, kaza mikanda, na ukinge mkanda usikatwe na ncha za shaba. Turubai ni ya kukinga mvua na vumbi. Haifungi kitu.

Na anayelipa si shofere peke yake. Tarehe 20 Februari 2019, katika jimbo la Lualaba, kamyo ya asidi iligongana na basi. Asidi ilimwagikia abiria, watu karibu 20 wakafa. Huko Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, kamyo ya mafuta ilipinduka, ikawaka moto, wakafa zaidi ya 230, wengi wao wakazi wa pale ambao hawakuwa na safari yoyote. Mzigo wa maji ni mbaya kwa namna yake: unayumba ndani ya tangi na kuivuta gari kwenye kona.

Ninajua jibu la mama mchuuzi: nafasi ya mbele ina bei, na samaki hangoji. Ni haki yake kusema hivyo. Lakini mwenye kamyo anayeuza nafasi juu ya magunia, huyo simwonei huruma. Na kwenye magaraji yetu, kamba na mikanda ihesabiwe pamoja na vifaa vingine vya usalama. Ile iliyochakaa ikatwe vipande siku hiyohiyo, kwa sababu ikitupwa nzima, jioni utaikuta imefunga magunia ya mtu mwingine.