Tamthilia Haijulikani kwa Kusimuliwa

Imeenea imani mpya miongoni mwa wapenda elimu, nayo ni kwamba tamthilia kongwe, ambazo zamani zilimtoa msomaji jasho, sasa hueleweka kwa majuma machache ya masomo ya mtandaoni. Mwanafunzi hufungua simu, mhadhiri akaeleza, yakafuata maswali ya kuchagua jibu, na mwisho kikatolewa cheti. Imani hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa hupita pasipopita uongo mtupu.

Haki itendeke kwanza kwa upande wa pili. Mwanafunzi wa Micheweni au Makunduchi, asiye na maktaba iliyo karibu, hastahiki kukejeliwa kwa kumfuata mwalimu popote anapopatikana. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, somo la mtandaoni ndilo lililowabakia wengi waliomudu kununua bando. Mwaka huohuo National Theatre ya London ilirusha baadhi ya michezo yake bure, wakaitazama watu wasiotarajia kuvikalia viti vya ukumbi ule maishani mwao. Tena Kiingereza cha Shakespeare kimeshapita miaka mia nne. Maneno yake kadhaa yamegeuka maana, na asiye na wa kumshika mkono hujikwaa ukurasa wa kwanza. Asemaye kwamba mwongozo hauna kazi hajapata kumfunza mtu.

Lakini kushikwa mkono ni jambo moja, na kubebwa mgongoni ni jambo jingine. Mengi ya masomo hayo huanzia mwisho. Hutangulizwa dhamira, wakafuata wahusika, ikafuata migogoro, ukafuata ujumbe. Na kama muda umesalia, ndipo huja vipande vya tamthilia yenyewe. Mwanafunzi huyafikia maneno akiwa ameshaambiwa ayaone vipi. Hana tena la kugundua, wala la kubishia. Kazi yake imekuwa kuhakikisha kwamba mwalimu hakusema uongo.

Na itazamwe *Julius Caesar*. Katika tendo la tatu Brutus anasimama mbele ya umma wa Roma na kueleza, kwa lugha ya nathari, kwa nini Kaizari ameuawa. Hoja zake zimepangika, na umma unamkubali. Kisha anapanda Antony, naye anasema kwa ushairi. Anawasifu wauaji kwa heshima yao, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa upole uleule. Sifa ni moja, na kila irudipo imechacha kidogo, hadi umma wenyewe unaitema. Muhtasari utasema kwamba hiki ni kinaya, kisha utapita. Naam, ni kinaya; lakini aliyepewa jina la kitu hakupewa kitu. Katika maandishi neno lile halibadiliki hata herufi. Mabadiliko yake yote yamo sikioni. Asiyelisikia likirudi hajui umma uligeuzwaje, na namna umma unavyogeuzwa kwa maneno ndiyo elimu iliyomo katika tamthilia ile. Hakuna nchi isiyoihitaji elimu hiyo.

Historia nayo inashuhudia. Waigizaji wa zama za Shakespeare hawakupewa kitabu kizima. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maneno yake mwenyewe, pamoja na maneno machache ya mwenzake ya kumwashiria kwamba zamu yake imewadia. Ilimlazimu asikilize, ama sivyo angepitwa. Shakespeare alifariki mwaka 1616. Mkusanyiko mkubwa wa kazi zake ulichapwa mwaka 1623 ukiwa na tamthilia 36, na nusu yake, yaani 18, hazikuwa zimepata kuchapwa kabla ya hapo. Kwa miaka kadhaa basi, *Macbeth* ilijulikana na watu wa London kwa masikio, bila ya kitabu na bila ya mfasiri wa dhamira.

Watu wa visiwani hawana udhuru wa kulisahau hilo. Huku shairi hughaniwa, na mizani hupimwa kwa sauti kabla ya kuhesabiwa kwa vidole. Aliyekulia penye tenzi, kasida na maulidi amekwisha kupata nusu ya mafunzo anayoyahitaji msikilizaji wa tamthilia kongwe. Somo linalomtaka aliweke kando sikio hilo na kuanza upya kwa orodha ya dhamira linamfukarisha kwa jina la kumtajirisha.

Tena hasara kubwa zaidi iko nyumbani. Masomo mashuhuri ya bure yatolewayo na vyuo vya ng'ambo huendeshwa kwa Kiingereza, na humhusu Shakespeare na Wagiriki. Si vibaya. Lakini Julius Nyerere aliifasiri *Julius Caesar* mwaka 1963, S. S. Mushi akaifasiri *Makbeth* mwaka 1968 na *Mfalme Edipode* ya Sophocles mwaka 1971, ili Mswahili awasikie watu hao kwa lugha yake. Je, kijana ahimizwe kuyapita mapokezi hayo aende akamsikilize mhadhiri akiyaeleza kwa Kiingereza maneno ambayo yamekwisha kusemwa kwa Kiswahili?

Ebrahim Hussein naye ana *Kinjeketile*, iliyochapwa mwaka 1969. Mwenye muhtasari atajibu mtihani kwamba ni tamthilia ya umoja katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Jibu ni sahihi, na ni finyu. Kinjeketile aliyepandwa na Hongo anatamka kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said; kisha anapozindukana na kuyatafakari maneno yake mwenyewe, anashtuka kwamba amewatoa watu kwa bwana mmoja na kuwakabidhi kwa mwingine. Neno limemtoka na halimtii tena. Palipo na mstuko huo ndipo tamthilia ilipo, na msomaji wa kisiwa hiki ana sababu zake za kuusikia vizuri kuliko wengine. Hakuna swali la kuchagua jibu linaloweza kuupima.

Basi masomo yaendelee, ila yapangwe upya. Onesho zima lisomwe kwanza kwa sauti, na watu wasiopungua wanne, hata kama nusu yake haikueleweka. Maelezo yaje baadaye, kwa yale tu yaliyokwama. Mwalimu asikie sauti za wanafunzi wake, si kuhesabu alama zao. Na wenye vyuo na fedha za umma waanze kuandaa masomo ya Hussein, ya Penina Muhando na ya tafsiri za Nyerere kwa lugha yenyewe ya kazi hizo.

Watasema vijana hawana muda. Kuisoma *Kinjeketile* kwa sauti ni kazi ya jioni moja au mbili; masomo ya kuizunguka huchukua mwezi. Kinachokosekana si muda. Ni ushupavu wa kufungua kitabu kabla ya kuambiwa kilichomo.