Kiti si Anasa: Nyayo za Wafanyakazi ni Suala la Haki



Katika miji yetu wapo watu wengi ambao riziki yao hupatikana kwa kusimama. Twawaona kila siku: binti auzaye dukani, mlinzi wa langoni, mpiga pasi wa kiwandani. Baadhi yao husimama kutwa nzima, si kwa kuwa kazi haiwezi kufanywa mtu akiwa ameketi, bali kwa kuwa tajiri hapendi kumwona mtu wake ameketi. Twasema bayana: kumsimamisha mtu pasipo haja ya kazi yenyewe ni dhuluma, na dhuluma hiyo huacha alama mwilini.

Mguu wa binadamu, tangu kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 26. Imepangwa mfano wa tao la mlango, ndiyo sababu nyayo za wengi wetu zina uvungu upande wa ndani. Tao hilo hushikiliwa na misuli pamoja na kano ngumu zilizo chini ya wayo. Mtu atembeapo, misuli hukaza na kulegea kwa zamu, na damu husukumwa kurudi moyoni. Asimamapo pahali pamoja, zamu hiyo hukoma. Misuli huchoka, uzito huzielemea kano, tao hushuka, na wayo hutanuka. Mapumziko huurudishia wayo nguvu zake. Lakini yanapokosekana mwaka baada ya mwaka, kano huweza kuchakaa. Kisigino huuma kwa hatua za kwanza za asubuhi, na kwa baadhi ya watu tao huporomoka lisirudi tena.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba wapo wenye nyayo bapa tangu utotoni, wala hawaumwi. Ni kweli. Tena umri, unene na viatu visivyofaa vina sehemu yake katika maradhi haya. Lakini hoja hiyo haimwondolei mwajiri wajibu wake. Umri haumwombi mtu ruhusa. Kumnyima mfanyakazi kiti ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu waweza kubadilishwa.

Wengine watasema kwamba kiti huzaa uvivu. Je, karani wa benki ni mvivu? Hakimu je? Mbona aketiye ofisini huitwa mchapakazi, na aketiye dukani huitwa mzembe? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala hatudai jambo geni. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1899 ya kuwapatia wanawake wauza duka viti, angalau kimoja kwa kila watatu. Mwaka 1964 Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 120 uhusuo maduka na ofisi, liliagiza viti vya kutosha pamoja na nafasi ya kuvitumia. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kuketi pale kazi inaporuhusu. Huko India, jimbo la Kerala liliwapa wauza duka haki ya kuketi mwaka 2018, baada ya wanawake wenyewe kuipigania kwa miaka. Tamil Nadu ikafuata mwaka 2021.

Basi tufanye nini? Wenye maduka na viwanda miongoni mwetu waweke viti, na waruhusu vikaliwe, kwani kiti kilichofungiwa stoo hakimpumzishi mtu. Pale kazi isipowezekana kwa kuketi, pawe na zamu na mapumziko. Viongozi wa jumuiya waulize hali ya wafanyakazi walio karibu nao, na wawafahamishe haki yao. Nasi wateja, tukimkuta mwuzaji ameketi, tusinune wala tusimshitaki kwa bwana wake. Heshima ya mteja haipimwi kwa maumivu ya amhudumiaye. Ujira hununua kazi ya mtu. Haununui nyayo zake.