Mchoro Utangulie Kompyuta

Mama aliyejifungua kisha akatokwa na damu nyingi aweza kufariki katika muda wa saa mbili asipotibiwa. Kwa mkazi wa Rau, mjini Moshi, muda huo huonekana kuwa si haba: hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko karibu, na ya Mkoa ya Mawenzi haiko mbali. Lakini mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa ucheleweshaji unaowaua akina mama ni wa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Gari jipya hugusa ule wa pili tu.

Mwanafunzi na achore safari hiyo kwenye karatasi: kila tendo kisanduku, kila uamuzi pembe nne iliyosimama kwa ncha, na mishale katikati. Kisha aandike dakika. Tuseme, kwa ajili ya zoezi, kwamba jamaa hujadiliana dakika 15, hutafuta fedha za mafuta dakika 30, dereva hufika nyumbani kwa dakika 10, safari huchukua 20, na hospitali huhitaji 35 kuandaa damu na wauguzi. Jumla ni dakika 110. Ikifutwa hatua ya kutafuta fedha, hubaki 80. Hospitali nayo ikiarifiwa wakati uleule dereva anapoitwa, maandalizi huenda sambamba na safari, na jumla hushuka hadi 50. Gari halikuongezwa mwendo hata kidogo.

Mfano wa kweli upo nchini. Mfumo wa M-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022, kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Simu hupigwa bila malipo kwa namba 115. Mpokeaji huuliza maswali yaliyopangwa, na programu humsaidia kuchagua kituo cha tiba na chombo cha usafiri. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Wengi husifu programu. Sifa kubwa zaidi yastahili kwenda kwa aliyeamua kwamba jamaa wasidaiwe nauli kwanza. Uamuzi huo ungeokoa maisha hata kama ungeandikwa katika daftari la kawaida.

Ndiyo maana kununua kompyuta kabla ya kuchora ni kosa. Mashine hutii utaratibu iliopewa, na utaratibu mbovu huutii kwa kasi ileile. (Ofisi zenye fomu ya kuombea fomu nyingine zitaelewa.)

Hata mchoro mzuri una mipaka. Juu ya Rau, kuelekea Uru na Old Moshi, masika hugeuza njia za udongo kuwa utelezi. Programu ihesabuyo kilomita peke yake itaichagua njia fupi. Dereva wa huko aijua ile inayopitika. Yafaa basi mpokeaji wa simu awe na mamlaka ya kuipinga mashine papo hapo, bila kungoja kibali, na sababu yake iandikwe, ili mchoro urekebishwe kabla ya mvua za mwaka ufuatao.